Kamba ya Upande wa Bahari

Mama Kifungo alikuwa fundi wa mahema. Si yale mepesi yanayokuja yamekunjwa kwenye maboksi, bali mahema ya turubai zito, ya harusi, ya misiba na ya watu wanaolala porini kwa kazi zao. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na harufu ya nta ya kuzuia maji haikutoka humo hata ukifungua madirisha yote. Binti yake aliitwa Kifungo kwa sababu alipokuwa bado anatambaa alimeza kifungo cha koti la mteja. Walikisubiri siku nzima roho mkononi. Kilipotoka, baba yake alikiosha, akakishona palepale kilipotakiwa kuwa, na mteja akachukua koti lake akashukuru. Mpaka leo hajui kitu.

Baba Kifungo alikuwa dereva wa lori aliyeacha usukani akawa msaidizi wa mkewe. Rafiki zake walimcheka mpaka wakachoka wenyewe. "Mimi ni mtu wa kushika tu," aliwajibu, na kweli hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Turubai halishonwi likiwa limelegea. Mmoja anasimama mwisho wa meza, anashika ncha na kuvuta kwa nguvu zake zote, na mwingine anapitisha mshono. Sheria ilikuwa moja: anayeshika haachii mpaka anayeshona aseme.

Sheria hiyo ilikuja na damu. Siku za mwanzo Baba Kifungo aliwahi kukisia kwamba mkewe amemaliza, akaachia. Turubai likaruka, mkono wa mkewe ukavutwa, na sindano ikapita kwenye kidole gumba ikatokea upande wa pili. Hakukisia tena maisha yake yote. Hata mkono wa kushoto ukianza kutetemeka na jasho likimtiririka hadi kidevuni, aling'ang'ania kimya mpaka asikie: "Achia, njoo ndani unywe chai." Ndani kulikuwa ni kichumba kidogo chenye jiko na viti vitatu. Maneno hayo yalitoka kinywani mwa Mama Kifungo kwa pamoja, kama jina la mtu na la baba yake.

Kazi zikipungua walifunga karakana na kwenda kulala ufukweni. Si ufukwe wa hoteli na miavuli. Huko barabara ilikufa kwenye vichaka, wakaacha gari, wakabeba hema, maji na chakula mabegani, wakavuka vilima vya mchanga hadi miguu ikakataa. Upande wa pili hakukuwa na nyumba, wala bomba, wala choo, wala mtandao. Kulikuwa na mchanga, magogo yaliyotemwa na maji, na bahari iliyo wazi kabisa. Baba Kifungo alipapenda kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumuuliza, "Hema langu litakuwa tayari lini?"

Sasa, kwenye mchanga vigingi havishiki. Unajaza magunia mchanga, unafunga kamba za hema kwenye magunia, unayafukia mpaka yawe kama yameota mizizi. Mama Kifungo alijivunia hema lao kuliko yote aliyowahi kushona. Alikuwa akisema upepo utang'oa milima kwanza.

Dhoruba iliwakuta alasiri, wakati Kifungo ana miaka sita. Anga lilikuwa jeupe, likawa la kijivu, halafu likawa halipo. Maji yalipanda ufukweni kuliko walivyowahi kuyaona na kulichimbua gunia la upande wa bahari. Hema likaanza kupigapiga. Baba Kifungo akatoka akaishika kamba ile kwa mikono, akakaa chini na kuchimbia visigino vyake mchangani.

"Nimeshika!" alipiga kelele. "Kaza huko ndani!"

Mama Kifungo akakaza. Alifunga nguzo upya, akaongeza fundo juu ya fundo, huku mtoto amemkumbatia mguu analia. Alimaliza. Hema lilisimama imara.

"Niachie?" mumewe aliuliza kutoka nje.

Na hapa Mama Kifungo, kila akisimulia, hutazama viganja vyake. Alikuwa amemaliza. Kitu pekee kilichobaki kilikuwa woga. Alisikia upepo unavyolia, akamtazama mtoto, akaona hema likishikwa na mume wake linatulia zaidi. Akasema, "Bado."

Baada ya muda mumewe akauliza tena, sauti imefifia, "Niachie?"

"Bado kidogo!"

Hakuuliza tena.

Upepo ulipotulia, kamba ya upande wa bahari ilikuwa imenyooka, imekaza, imezama kwenye maji yaliyokuwa yamefunika mchanga. Mama Kifungo akaivuta. Ikaja yote, tupu. Askari wa majini walitafuta mpaka wakaanza kukwepa macho yake. Hawakupata kiatu, hawakupata shati. Msiba ukakaliwa chini ya hema lililoshonwa na mfiwa mwenyewe, na hakukuwa na mwili wa kuzika.

Unaweza kuzoea kiti kitupu. Unalia, unapika kidogo, unapunguza sahani. Lakini Mama Kifungo hakupewa nafasi ya kuzoea, kwa sababu ya mtoto.

Upepo wa kwanza kuvuma nyumbani baada ya msiba, alimkuta Kifungo amesimama dirishani, ameshika pazia kwa mikono miwili, analivuta kwa nguvu zake zote. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumwona mama yake. Mkono wa kushoto ulikuwa unatetemeka.

"Unafanya nini, mama?"

"Baba amechoka," mtoto alisema. "Namsaidia kushika."

Ikawa hivyo kila upepo ukivuma. Pazia, shuka, kona ya kitambaa cha meza. Viganja vilipasuka malengelenge, yakakauka, yakapasuka tena. Mtoto akakonda, akawa anasinzia darasani. Wifi yake Mama Kifungo, dada wa marehemu, alikuwa muuguzi, mtu wa maneno mengi na moyo mwepesi. Aliwapeleka kwa daktari, halafu kwa daktari mwingine. Wote walisema ni huzuni, itaisha. Siku moja wifi akiwa anamfunga mtoto bandeji, aligeuza kile kiganja kwenye mwanga akakikazia macho. Hayakuwa malengelenge ya pazia. Yalikuwa na mistari ya msokoto wa kamba.

"Wifi," alisema polepole, "kule mlimwacha vipi kaka yangu?"

Ndipo Mama Kifungo akamwambia. Alikuwa hajamwambia mtu. Alitarajia matusi, kwa kuwa wifi ni wifi. Lakini yule mwanamke alikaa tu na bandeji mkononi, machozi yakimchuruzika.

"Kaka yangu hakuwahi kuachia bila kuambiwa," alisema mwishowe. "Nenda ukamwambie, wifi. Huyu mtoto hatamaliza mwaka."

Walikwenda watatu. Mtoto alikataa katakata kubaki, na kusema kweli hawakuthubutu kumwacha. Siku ilikuwa nzuri, ya jua na mawingu machache. Wifi aliendesha huku akilalamikia gari, barabara na mgongo wake. Walipofika kwenye vilima vya mchanga alibeba dumu la maji kichwani na kusema kama angetaka mateso ya namna hii angeolewa mara ya pili. Kifungo akacheka. Mama yake alisimama kumtazama, kwa sababu alikuwa ameusahau mlio wa kicheko hicho.

Ufukwe ulikuwa vilevile. Magogo yalikuwa yamehama tu. Walipiga hema lilelile, la turubai zito, mahali palepale, wakajaza magunia na kufukia. Mama Kifungo alifanya kazi kwa haraka bila kunyanyua kichwa. Kamba ya upande wa bahari aliiacha imelala juu ya mchanga, haikufungwa popote.

"Wifi, hiyo moja umeisahau," alisema muuguzi.

"Sijaisahau."

Wifi akaitazama kamba, akaitazama bahari, kisha akaenda kuwasha moto.

Wakala mkate na mayai ya kuchemsha. Jua likazama. Kifungo aliingia ndani akajilaza kwenye mkeka, katikati, mahali pake. Kulia palikuwa pa mama. Kushoto, karibu na mlango, palikuwa pa baba. Wifi alitaka kulala pale, mtoto akaweka mkono wake juu ya mkeka.

"Hapa pana mtu, shangazi."

Wifi akahamia miguuni.

Giza lilikuwa ndiyo kwanza limeingia upepo ulipoanza. Haukuwa mkali. Hema likapumua, likalegea upande wa bahari, likapumua tena. Mama Kifungo alikuwa amekaa, tochi mapajani, akimtazama mtoto. Alisubiri ile mikono midogo inyanyuke itafute kitu cha kushika.

Haikunyanyuka. Mtoto alilala, viganja wazi.

Kisha hema likanyooka.

Upande wa bahari turubai lilivutwa likatulia, laini, bila kunyanzi hata moja. Mama Kifungo aliujua mvuto ule kuliko alivyojua uso wake. Alikuwa ameshona mbele yake kwa miaka.

Wifi alichukua tochi, akafungua mlango kidogo, akamulika nje. Kamba ilikuwa imeinuka kutoka mchangani. Ilikwenda moja kwa moja kuelekea majini, imekaza, na mwisho wake haukuonekana.

"Sema," wifi alinong'ona, akirudisha zipu ya mlango chini. "Wifi, sema twende zetu."

Mama Kifungo alitambaa hadi upande ule. Akaweka kiganja kwenye turubai. Ndipo akahisi ule mtetemo mdogo, wa mkono wa kushoto unaoanza kuchoka. Mumewe alikuwa hapo. Baada ya msiba wote ule, baada ya watu wote kusema ameenda, alikuwa upande wa pili wa kitambaa, urefu wa kamba moja tu. Mama Kifungo alibandika shavu lake hapo akalia bila sauti.

Sauti ikaja. Haikupitia masikioni. Ilipita kwenye turubai, ikaingia kwenye mfupa wa shavu.

Niachie?

Neno alikuwa nalo. Alikuwa amelibeba njia nzima. Lakini akilisema, mtetemo ule ungekwisha, na angebaki na hema tu. Nani angeweza? Mdomo wake ukafunguka, na kilichotoka kilikuwa kilekile.

"Bado."

"Wifi!"

"Kidogo tu. Niache nimsikie kidogo tu."

Upepo ukapanda. Nguzo ikalia. Magunia ya nyuma yakaanza kusogea. Waliyasikia yakikwaruza mchangani. Hema lilikuwa linakwenda. Polepole. Kuelekea majini. Maji yakaingia chini ya mkeka, baridi, na Kifungo akanyanyua mikono yake usingizini, akakunja vidole, akavuta kamba isiyokuwepo. Bandeji ikaanza kuwa nyekundu.

Niachie?

Sauti ilikuwa imechoka. Haikulaumu. Hilo ndilo lililomchoma.

Mama Kifungo aliiangalia mikono ya mwanawe. Akafumba macho.

"Achia," alisema. Na kwa kuwa ulimi una mazoea yake, na kwa kuwa hakuwahi hata siku moja kulisema neno hilo likiwa peke yake, likatoka na mwenzake. "Achia, njoo ndani."

Kamba ikaanguka mchangani.

Upepo ukakatika. Kila kitu kikanyamaza. Mikono ya mtoto ikashuka.

"Wifi," muuguzi alinong'ona. "Umesema nini?"

Mama Kifungo aligeukia mlango. Alikuwa ameshasikia.

Nje, mtu alikuwa anakuja. Hatua nzito, zinazozama. Zilizunguka hema, zikaruka kamba moja moja, bila kujikwaa, kama mtu anayejua kila moja ilipo. Zikasimama mlangoni.

Zipu ikafunguka. Kutokea chini. Taratibu, jino kwa jino, jinsi alivyokuwa akiifungua asimwamshe mtoto.

Wifi alizima tochi. Mpaka leo anasema hajui kwa nini, ila hakutaka kumwona kaka yake hivyo.

Baridi iliingia. Harufu ya maji ya chini, yasiyojua jua. Mkeka ukadidimia upande wa kushoto. Matone yakadondoka. Hapakuwa na pumzi, walisikiliza wote wawili, hapakuwa na pumzi. Kisha mtoto akageuka usingizini, akageukia upande ule, na kujikunja.

Mama Kifungo alinyoosha mkono wake gizani, juu ya mwanawe. Alitaka kumgusa. Alitaka hivyo kuliko alivyowahi kutaka kitu. Mkono ulifika nusu ya njia. Ile baridi ikamgusa ncha za vidole, mwili wake wote ukaogopa, na mkono ukarudi.

Hakuunyoosha tena. Alikaa hivyo, wifi amemshika nguo kwa nyuma, mpaka turubai likaanza kupenyeza mwanga.

Kulipopambazuka upande wa kushoto hapakuwa na mtu. Mlango ulikuwa umefungwa, zipu imevutwa hadi mwisho. Maji yaliyoingia chini ya mkeka yalikuwa yamekauka, lakini juu ya mkeka, upande wa mlango, palikuwa pamelowa urefu wa mwanamume, toka bega hadi kisigino, na mkono mmoja ulionyooka chini ya mto wa mtoto.

Kifungo aliamka mwenyewe. Nywele zake zilikuwa mbichi. Alijinyoosha, akapiga miayo, akasema ana njaa. Wifi alifungua bandeji. Viganja vilikuwa vizima.

"Baba alikuja," mtoto alisema, kama anayesimulia jambo la jana shuleni. "Alikuwa na baridi. Akalala."

Wifi ndiye aliyeuliza. "Alisema chochote?"

"Alisema mikono inamuuma." Mtoto alifikiri kidogo. "Halafu akaniuliza kwa nini mama alichelewa."

"Alikuwa amekasirika?"

"Hapana, shangazi. Aliuliza tu."

Mama Kifungo alitoka nje akatembea hadi majini akapiga magoti. Wifi alimwacha. Alikunja hema peke yake, vibaya, mikunjo ovyo, akafukua magunia peke yake, na safari nzima ya kurudi hakulalamikia kitu.

Tangu siku hiyo upepo unavuma na Kifungo analala. Alinenepa. Alirudi kuwa mtoto wa kugombezwa. Sasa ni msichana mrefu, yuko sekondari, anaimba kwaya ingawa hana sauti ya kuimba. Mahali pa baba yake mwisho wa meza anasimama kijana wa kuajiriwa, na Mama Kifungo humwambia "basi" anapomaliza. Lile neno lingine halitumiki tena karakanani.

Lakini gauni alilolala nalo mtoto kule ufukweni lilipokauka lilikuwa na alama mgongoni. Chumvi nyeupe, ya kiganja kikubwa, vidole vitano vimetandazwa, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Mama alilifua. Likakauka, alama ikarudi. Akalitupa, akamshonea lingine kwa kitambaa kipya kabisa. Siku ya kwanza lilipovaliwa, alama ikatokea palepale. Imekuwa hivyo kwenye kila nguo, sare za shule, sweta, hata gauni la ubatizo aliloazima kwa jirani, wakalazimika kulinunua.

Mwanzoni kiganja kilifunika mgongo wote. Sasa kimekuwa kidogo, kinaenea katikati ya mabega tu. Chenyewe hakijapungua, wifi alikipima kwa mkono wake. Mtoto ndiye anayekua.

Mama Kifungo ndiye anayepiga pasi nguo zile, hamruhusu mtu mwingine. Akifika hapo huinua pasi na kuiweka pembeni. Hutazama mlangoni kama kuna mtu. Kisha huweka kiganja chake juu ya kile, kidole juu ya kidole, na kukiacha hapo mpaka pasi ipoe. Nguo huwa imekauka kabisa, imetoka juani. Akiondoa mkono, umelowa.